Springi za kushushia gari ya kila siku: ipi ya kununua kwanza, ipi ya kuacha

Wakuu, mtu akiamua kushusha gari huwa anauliza itakaa chini kiasi gani, mi naomba uanze kwa kuuliza itabakiwa na nafasi gani ya kucheza. Kila milimita unayoshusha unaitoa kwenye ile nafasi ya tairi kupanda ukikanyaga shimo, ukishusha 30 zimeondoka 30, na nafasi ikiisha shokapu inagonga bampu stopu, ile raba ya kuizuia isibonyee zaidi. Kama uko katikati ya kona na spidi, hapo gari inakuwa ngumu ghafla na tairi la nje linaachia barabara bila taarifa. Ndo maana springi ya kushusha lazima iwe ngumu kuliko ya kiwandani, na hizi hapa nimezipanga kwa kuangalia hilo.

Namba moja ni springi na shokapu zilizopimwa pamoja. Mfano ni Bilstein B12, humo ndani unapata springi za Eibach na shokapu za B8 ambazo zimefupishwa makusudi kwa ajili ya gari iliyoshushwa. Naiweka juu bila kusita kwa sababu shokapu ya kiwandani ilitengenezwa kuituliza springi ya kiwandani, ukiiwekea ngumu zaidi inaelemewa, unavuka tuta gari inaendelea kurukaruka nyuma wakati wewe ushakanyaga mafuta. Ukinunua shokapu za Bilstein peke yake kuwa makini, B6 ni ya urefu wa kiwandani, fupi ni B8, na watu wanazichanganya kila siku. Hela ikiwa haitoshi, bora usubiri ununue vyote kwa mkupuo maana kazi ya kufungua na kufunga ni ile ile, kwa nini ulipe fundi mara mbili?

Namba mbili, springi peke yake za kushusha kidogo, milimita 20 mpaka 30 hivi. Eibach Pro-Kit iko kundi hili, Tein H.Tech pia, na H&R wana za kwao. Nyingi ni progresivu, yaani ukiiangalia springi yenyewe mizunguko ya upande mmoja imebanana, ile inalala kwanza barabara ikiwa ya kawaida, ukiingia kona kwa nguvu inabaki ile iliyoachana ambayo ni ngumu. Kwa gari ya kwendea kazini inafaa kabisa, ila shokapu ziwe nzima, ukikuta mafuta yametiririka kwenye mwili wa shokapu usifunge springi mpya juu ya huo ugonjwa.

Namba tatu ni linia, ugumu mmoja mwanzo mwisho. Ugumu wake utausoma kwa kg/mm, ikiandikwa 5 maana yake kila milimita ya kuibonyeza inataka kilo 5 (kwa vipimo vya Marekani kg/mm moja ni kama lb/in 56). Dereva anayependa kona atazipenda kwa sababu gari inajibu vile vile kila mara, ila abiria wa nyuma watalalamika na wana haki.

Namba nne ni zile za kushusha sana, milimita 40 kwenda juu, mfano Eibach Sportline kwa baadhi ya magari. Hapa naomba tukae kidogo. Kwenye gari ya makifasoni (MacPherson, ile ambayo shokapu na springi ni nguzo moja inayoshika tairi kwa juu), chungulia mkono wa chini unaoshika tairi: gari ikiwa urefu wake wa kawaida mara nyingi umelala sawa au umeshuka kidogo kuelekea tairi. Ukishusha kupita kiasi, upande wa tairi unakuwa juu kuliko upande wa bodi, na hapo ile pointi ambayo gari inalalia kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake gari ipo chini lakini inataka kulala zaidi, na ugumu wa springi unatumika kuficha tatizo ulilolileta mwenyewe. Inapendeza ikiwa imepaki, nakubali, ila kwa gari ya kuendeshwa kwa nguvu siishauri.

Za kukata kwa grenda au kupasha moto sizipi namba kabisa. Moto unaharibu ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, ukiinua gari kwa jeki inaweza kuchomoka mahali pake. Hii ni roho yako na ya wengine barabarani.

Kabla hujalipa hakikisha namba ya springi ni ya gari yako haswa, injini nzito au fowili (gari inayosukumwa na matairi yote manne) inabadilisha springi hata kama bodi ni ile ile, na gari yenye shokapu za umeme inataka springi zilizoidhinishwa kwa ajili yake.

Siku ya kufunga, pima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa fenda kona zote nne, kabla na baada. Mwambie fundi asikaze bolti za bushi gari ikiwa inaning'inia, akaze matairi yakiwa yamebeba uzito, la sivyo raba za bushi zitabaki zimejinyonga muda wote na zitachanika mapema. Acha springi zitulie siku kadhaa ndo ukafanye wili alaimenti, maana matairi yakiangalia nje au ndani hata kidogo yanalika haraka kuliko yakiwa yameinama. Taa za mbele nazo zirekebishwe, na kama gari ina kamera ya kuangalia mistari ya barabara muulize fundi kama inatakiwa kusetiwa upya.