Mota ya ndege ya rimoti kwenye mashine ya kuchonga: ununue pawa saplai gani?

Mota yangu ya kwanza isiyo na kaboni iliandikwa ampea 60. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na pawa saplai ya kamera za ulinzi, 12V 30A, nikijipa moyo kwamba nitachonga taratibu. Nilipozungusha kitufe cha kasi, mota ikalia nzii, ikanyamaza. Taa ya kijani ya pawa saplai ikazima, ikawaka, ikazima. Tik, tik, tik. Jirani yangu seremala akauliza kama siku hizi natengeneza saa.

Ampea 30 hazikuwa chache. Zile 60 za kwenye lebo ni za mota iliyo angani, imevaa propela, inapigwa na upepo wake yenyewe. Ukivua propela ukaweka koleti (kishikio cha biti) na biti ya mm 3, kwenye mbao haitakula hata robo ya hizo. Kilichoiangusha pawa saplai ni sekunde ya kwanza, pale mota inaposimama na ESC (kile kisanduku kinachogawa umeme kwenye nyaya zake tatu) inaisukuma kwa nguvu. Umeme unaruka juu mara moja, pawa saplai inadhani kuna shoti, inajizima, halafu inajaribu tena.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, piga hesabu mbili. Ya kwanza ni kasi: namba ya KV iliyo kwenye mota (mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja) mara volti. Mota ya KV 500 kwenye 24V inazunguka mara 12,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Mota ya KV 1000 inapata kasi hiyohiyo kwa 12V. Ya pili ni ampea: wati gawanya kwa volti. Wati 300, ambazo zinatosha mbao na hata alumini ukikata kwa tabaka nyembamba, ni ampea 25 kwenye 12V lakini 12.5 tu kwenye 24V. Nyaya zinakuwa nyembamba, joto linapungua, na bei pia. Kama bado hujanunua mota, tafuta ya KV 400 hadi 500 na ESC ya helikopta ya rimoti yenye uwezo wa 6S (seli sita za betri ya lipo; S ni idadi ya seli), yaani mwisho 25.2V. ESC za helikopta huanza polepole, na nyingi zina mpangilio wa kushikilia kasi biti inapoingia kwenye mti.

Sasa tupange, kuanzia ninayoiamini zaidi.

Ya kwanza ni pawa saplai ya bati lenye matundu, 24V, wati 350 kwenda juu. Ni zile zinazowasha mabango ya taa. Kariakoo zimejaa, Luthuli Avenue Nairobi vilevile. Ukipata ya kampuni ya Mean Well, halisi, modeli ya LRS-350-24 inatoa 14.6A, na ulinzi wake hushtuka kati ya asilimia 110 na 140 ya uwezo. Zisizo na jina huandikwa 15A, na hapo ndipo pa kuwa mkorofi. Mimi huingia dukani na taa nne za mbele za lori, H4 za 24V, pamoja na mita. Kila moja ikiwashwa ful inakula wati 75, kwa hiyo nne ni wati 300. Zifunge sambamba, si mfululizo, na uziwashe moja moja, maana taa baridi huvuta umeme mwingi mwanzoni na utailaumu pawa saplai bure. Ziache dakika kumi. Ikishuka kutoka 24V hadi 22V, au ikianza kunuka vanishi, mrudishie muuzaji kwa upole. Wengine hukasirika, lakini mwenye mali nzuri atakuletea kiti.

Ukifika nyumbani, angalia swichi ndogo ya pembeni ya 110 na 220 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 110 na ukuta wako una 230, utasikia mlipuko mmoja na hadithi itaishia hapo. Tazama pia kile kiskrubu cha kurekebisha volti: kinaweza kuipandisha hadi karibu 28V, na ESC yako ya 6S haitakushukuru. Kiache kwenye 24 kamili.

Ya pili ni pawa saplai ya seva iliyotumika. Hii ni kwa aliyekwisha kununua mota ya KV 900 au 1000 na ESC ya 3S. Ni 12V tu, lakini ni 12V yenye kifua: za HP za wati 460 hutoa 38A, na mota ikianza kwa pupa hazitikisiki. Shida ni mbili. Haiwaki mpaka pini fulani ziunganishwe, kwa hiyo nunua inayouzwa na kibao chake chenye swichi. Halafu feni yake ndogo inapiga kelele kuliko mota. Kuna watu hufunga mbili mfululizo wapate 24V. Usijaribu hivihivi: hasi ya kila moja imeungana na bati lake la nje na waya wa arthi, kwa hiyo ukiziunga unaishoti ya chini papo hapo. Wanaokata arthi ili kukwepa hilo wanajiachia bati ambalo siku moja litakuwa na 230V.

Ya tatu ni betri mbili za gari za 12V zilizofungwa mfululizo. Mahali ambapo umeme hukatika katikati ya kazi ya saa tatu, mimi ningeipandisha iwe ya kwanza. Betri haiogopi msukumo wa mwanzo. Tena mota inapopunguzwa kasi ghafla inageuka jenereta. Pawa saplai hushtuka na kujizima, betri inameza tu. Mbili za 70Ah, ukizitumia hadi nusu, zitakupa kama saa mbili za kukata kwa ampea 12. Ila usichonge huku zinachajiwa, kwa sababu chaja hupandisha jozi hiyo hadi karibu 28.8V na ESC ya 6S inakufa. Zikitoka kwenye chaja, ziache zitulie na volti zishuke chini ya 25.2 kwanza. Na fyuzi ikae karibu kabisa na nguzo ya betri. Spana ikiangukia betri isiyo na fyuzi ni kuchomelea bila kukusudia.

Pawa saplai ya kompyuta ya mezani naiweka ya nne, kwa kuwa wengi wanayo stoo. Unaunga waya wa kijani na mweusi, inawaka, unachukua 12V kwenye nyaya za njano. Kwa kuchonga saketi au kuandika majina kwenye plastiki inatosha. Kwa mninga, hapana. Nyingi za bei poa hazifikii wati zilizoandikwa.

Betri za lipo, zile za lithiamu za ndege za rimoti: nzuri kwa majaribio. Ya 6S yenye 5,000mAh itakupa dakika 24 kwa ampea 12.5, basi. Karakana yenye maranda chini si mahali pa kuchajia lipo.

Transfoma ya UPS mbovu na dayodi nne? Volti zake hupanda mota ikiwa tupu na kushuka ikibebeshwa, kinyume kabisa na unachotaka. Chaja ya laptopu ya wati 90 iache ichaji laptopu; tena 19V yake inaunguza ESC ya 4S, ambayo mwisho wake ni 16.8V.

Ukishachagua, bakiza hela ya vitu vidogo. Nyaya kati ya pawa saplai na ESC ziwe fupi, kama shubiri mbili. Zikilazimika kuwa ndefu, refusha zile tatu za mota badala yake, na ulehemu kapasita ya 1,000µF, 35V, kwenye mdomo wa ESC, pale umeme unapoingia. Zima breki kwenye mipangilio ya ESC. Nunua sevo testa ya kuzungusha kasi kwa mkono, na swichi nyekundu ya dharura unayoweza kuipiga bila kutazama. Mota nayo inahitaji feni, kwa sababu propela iliyokuwa inaipooza umeshaivua.

Yale matundu ya pawa saplai niliyafunika kwa soksi ya nailoni baada ya unyuzi mmoja wa alumini kudondokea ndani. Niliufukua kwa kibano, umeme umezimwa, mikono ikitetemeka. Sasa naisafisha soksi kila Jumamosi.