Hermanus: Nyangumi Bila Kupanda Boti

Kwa yeyote anayepanga kwenda Hermanus, mji wa pwani ulio takriban kilomita 120 kutoka Cape Town, ushauri wangu ni kwamba asikimbilie kulipia boti kabla hajaijaribu njia ya miguu inayopita juu ya magenge, ambayo haina kiingilio na ina mabenchi ya kutosha. Nilikwenda mwezi Septemba, msimu ambao nyangumi waliotoka kwenye bahari baridi za kusini huwa wengi katika Ghuba ya Walker, wakiwa wamekuja kuzaa na kunyonyesha, na sehemu kubwa ya siku niliimalizia kwenye rasi ya Gearing's Point.

Kina cha maji ni kirefu hadi karibu na miamba, ndiyo maana nyangumi husogea mpaka ukawaona kwa macho matupu. Hawana pezi la mgongoni, na pumzi yao hupanda kwa michirizi miwili iliyoachana mfano wa herufi V, kwa hiyo hata mgeni huwatambua upesi. Mama mmoja alitulia chini yetu kwa muda mrefu, mabaka meupe yaliyokauka kama sugu yakionekana kichwani mwake, huku ndama wake akimpanda mgongoni, akiteleza, kisha akijaribu tena. Kila walipopumua tulisikia mlio mzito, kama tairi la lori linalotolewa upepo. Boti zisizo na kibali maalumu hutakiwa kukaa umbali wa mita 300 kutoka kwa wanyama hawa, hivyo aliyeketi juu ya genge mara nyingine huwa karibu nao kuliko aliyeko majini.

Nyangumi wakizama, wapo pimbi wanaoota jua mawe-mawe kando ya njia wala hawashtuki mtu akipita.

Natoa nyota nne, si tano, kwa sababu ya maegesho, ambayo mwisho wa wiki ni taabu tupu, na mwishoni mwa Septemba, wakati wa tamasha la nyangumi, hali huwa mbaya zaidi. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam asidanganywe na jua la huko: abebe koti zito, na afike asubuhi kabla upepo haujachafua maji. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Yenye nguvu zaidi hutikisika mno mkononi.