Uvimbe wa maji tumboni: sindano au upasuaji?
Shangazi yangu wa Lamu alianza kuona fundo la leso halikai kiunoni. Ultrasaundi ikaonyesha mfuko wa maji kwenye utando unaoshikilia utumbo, uvimbe unaotokea kwa nadra.

Kufyonza kwa sindano kunavutia: jeraha dogo, hulali wodini sana. Lakini ganda la mfuko hubaki, na maji hujaa tena. Na ukiwa ni uvimbe unaoletwa na minyoo ya mbwa, maji yakimwagika tumboni huweza kuleta mzio wa kuua.

Upasuaji ni boti hadi Mokowe, barabara ndefu hadi Mombasa, nusukaputi, na wiki za kupona. Ila mfuko hutolewa mzima, ukapimwa maabara kama una saratani. Nilimwambia: shangazi, twende Mombasa, kwanza upigwe siti skani, picha ya ndani ya mwili.