Vita vya intaneti Nairobi: uzoefu wangu wa faiba na dishi

Nahariri video za harusi na matanga nikiwa nyumbani, Roysambu. Faili ya harusi moja hufika gigabaiti nyingi, na mteja aliye Doha au Minnesota hataki kutumiwa flashi kwa mtu anayesafiri. Anataka kiungo, tena usiku huohuo. Kwa hiyo ninapopima huduma ya intaneti sianzi na kasi ya kupakua, ile inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila tangazo. Naanza na kasi ya kupakia, kisha naangalia huduma ikikatika hurudi baada ya muda gani. Hayo mawili ndiyo yanayoamua kama nitalipwa wikendi hiyo au nitaanza kuomba radhi.

Natumia faiba ya kampuni ambayo sitaitaja, kwa kuwa mengi ninayolalamikia ni ya mafundi wa eneo letu na sitaki kampuni yote mjini ibebe lawama zao. Nalipa kama KSh 3,000 kwa mwezi. Vilevile nimefanya kazi mara nyingi kwa dishi la Starlink, intaneti ya satelaiti, lililo kwa shemeji yangu, Kitengela, hasa wakati kazi zimenirundikia na kwangu hakuna mtandao. Kwa hiyo vita hivi vya faiba na Starlink, ambavyo watu wamevishangilia kama mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, mimi nimeviona kutoka pande zote mbili.

Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023. Mwanzoni vifaa vyake vilikaribia KSh 90,000, na mtu wa kawaida wa Nairobi aliviangalia akapita. Mambo yalibadilika 2024. Bei ya vifaa ilishuka, na Agosti mwaka huo ikaja njia ya kukodi: KSh 1,950 kwa mwezi kwa ajili ya dishi, pamoja na ada ya kuanzia, kisha unachagua kifurushi, na cha chini kabisa kilikuwa KSh 1,300 kwa gigabaiti 50. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Safaricom ilikuwa imeiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka makampuni ya satelaiti yaruhusiwe kufanya kazi nchini kwa kushirikiana tu na makampuni yenye leseni hapa, ikitaja usalama na muingiliano wa mawimbi. Barua hiyo ilipotoka hadharani watu waliikasirikia sana. Mimi pia niliikasirikia. Kampuni inayoongoza soko haiwezi kumwomba refa amfungie mgeni mlango kabla mpira haujaanza, halafu itarajie sisi wateja tuishangilie.

Lakini Septemba 2024 Safaricom ilifanya jambo la maana zaidi kuliko kuandika barua. Ilipandisha kasi za faiba ya nyumbani bila kupandisha bei. Kifurushi cha KSh 2,999 kilitoka Mbps (megabiti kwa sekunde) 10 hadi 15, kile cha KSh 6,299 kikaruka kutoka 40 hadi 80, na cha KSh 12,499 kutoka 100 hadi 500. Rais Ruto mwenyewe alisema hadharani kwamba ujio wa Starlink umewafanya wapinzani wake waongeze bidii. Baada ya muda kampuni yangu nayo ikafuata njia hiyohiyo. Asubuhi moja nilipima kasi kabla ya kupakia kazi ya mteja, nikakuta namba imepanda.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo ningependa kila mteja alitafakari. Siku ile hakuna fundi aliyekuja kwangu. Hakuna waya uliobadilishwa wala ruta mpya iliyoletwa. Ilitosha mtu kubadilisha mpangilio ofisini kwao, nami nikapata kasi kubwa kwa pesa zilezile. Kwa upande wangu basi, uwezo ule ulikuwa umelala ndani ya waya huohuo kwa muda, ukisubiri mshindani atokee. Sina chuki na kampuni kupata faida. Ila sasa kila ninapoambiwa kasi fulani haiwezekani kwa bei fulani, nauliza kwanza kuna mpinzani gani mtaani.

Sasa dishi la Kitengela. Shemeji alilifunga mwenyewe juu ya paa la mabati, akifuata maelekezo ya programu ya simu, ambayo ilimwonyesha hata upande ambao mti wa jirani ulikuwa unaziba anga. Alisogeza dishi hadi ukingo wa pili wa paa, na jioni hiyo watoto walikuwa wanatazama katuni. Katika mtaa ambao bado hauna nguzo hata moja yenye waya wa faiba, hilo ni jambo kubwa, na naisifu Starlink kwa moyo wote. Kupakua ni kwa kasi nzuri sana. Kupakia ni kwa kadiri. Kwa kazi yangu, faili nzito nilikuwa naiachia ijipakie usiku kucha, nikaikuta tayari asubuhi. Angalia pia umeme: dishi hula stima mara kadhaa zaidi ya ruta ya faiba, kwa hiyo stima ikipotea, betri ndogo inayoishikilia ruta yangu Roysambu saa kadhaa haitoshi kwa dishi.

Kuna watu wanaodhani dishi linaruka kabisa nyaya za baharini. Kwa sehemu kubwa haliruki. Satelaiti za Starlink ziko kama kilomita 500 juu yetu, karibu mno zikilinganishwa na zile za zamani za kilomita 35,786, na ndiyo maana simu ya video haichelewi kama ilivyokuwa kwa satelaiti za zamani. Lakini mawimbi yakishashuka kwenye kituo cha ardhini, safari ya kwenda Ulaya au Marekani kwa kawaida inaendelea kwa nyaya zilezile tunazozitegemea sote. Starlink ilipofungua kituo chake cha kuunganisha mtandao Nairobi mwanzoni mwa 2025, ucheleweshaji ulishuka sana, kwa sababu data haikulazimika tena kuzunguka nchi nyingine kabla ya kurudi hapa. Na nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024, nchi nzima iliona jinsi uti wa mgongo wa mambo haya ulivyo mwembamba. Mpinzani wa angani na mpinzani wa nguzoni hukutana Mombasa, ufukweni.

Jingine ni msongamano. Kila satelaiti ina uwezo wa kuhudumia idadi fulani ya watu katika eneo moja, na Nairobi watu wamebanana. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Usajili ulifunguliwa tena katikati ya 2025. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano za mwisho wa 2024 ziliiweka chini ya wateja 20,000 nchi nzima, katika soko ambalo Safaricom na Jamii Telecommunications wana wateja wao kwa mamia ya maelfu. Kelele zote zile, na hesabu ndiyo hiyo. Nadhani faida kubwa ya Starlink kwa mtu wa Nairobi imekuwa hofu iliyoleta kwenye ofisi za wengine, na faida hiyo si ndogo.

Lakini hofu hiyo haipandi ngazi za ploti yetu. Jengo letu lina ghorofa sita na kampuni moja tu ya intaneti. Barabarani nguzo za Kenya Power zimebeba nyaya za kampuni kadhaa, naziona nikisimama dirishani, moja inapita karibu kiasi kwamba ningeweza kuitundikia nguo. Hakuna hata moja kati ya hizo nyingine inayoruhusiwa kuingia. Mwenye ploti alikubaliana na kampuni moja wakati wa ujenzi, na fundi wa kampuni nyingine akifika getini hurudishwa na msimamizi. Niliwahi kumpigia mwenyewe kumuuliza. Aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba hataki kuta zake zitobolewe kila mwezi. Namwelewa. Lakini maana yake ni kwamba mimi, ninayeishi katika mji wenye ushindani mkali wa intaneti kuliko karibu mji wowote wa ukanda huu, sina pa kuhamia.

Na kampuni inajua kwamba sina pa kuhamia. Kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kuna kisanduku cheupe cha plastiki ambacho kifuniko chake hakifungi. Ndani yake kuna matundu machache, na kila nyumba iliyounganishwa ina tundu lake. Mpangaji mpya akija, fundi akakuta matundu yamejaa, wakati mwingine huchomoa waya wa mtu akachomeka wa yule mpya. Kazi yake ya siku imekamilika, amepiga picha ya ruta inayowaka taa ya kijani, ameondoka. Kule kwangu taa ya LOS, ile ya kuonya kwenye ruta, inaanza kumeta nyekundu nikiwa katikati ya kupakia mazishi ya mzee wa watu, familia nzima inasubiri ughaibuni.

Unapiga simu kituo cha huduma. Unaambiwa uzime ruta na kuiwasha. Unaeleza kwamba taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye ruta, na kuiwasha upya hakuwezi kuuleta. Unapewa namba ya tiketi. Fundi anakuja kesho yake au keshokutwa, anafungua kisanduku, anachomoa waya wa jirani wa juu, anachomeka wangu. Nilimwomba mmoja wao asifanye hivyo, alete kisanduku kingine. Alinijibu kwamba hana, na kwamba ameomba ofisini mara nyingi. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa kijana mwenye heshima na aliyajua matatizo ya jengo letu kuliko mtu yeyote ofisini kwao. Jirani wa juu ni mama anayefundisha wanafunzi wake kwa video jioni. Tumekubaliana kwamba waya wa yeyote ukichomolewa, tunaitisha fundi sote wawili kwa pamoja, na hatumruhusu kuondoka mpaka ruta zote mbili ziwe na kijani. Imesaidia kuliko tiketi zote.

Dishi lingetuokoa? Kwa ploti kama zetu, paa si la mpangaji. Juu kuna matangi ya maji, kamba za nguo na mlango wenye kufuli, na majengo ya pande zote yamepanda juu kuliko letu, kwa hiyo hata ukipewa ruhusa anga lenyewe ni kipande. Kitengela, Rongai za ndani, Kamulu, huko dishi ni jibu halali. Roysambu, Zimmerman na Pipeline, bado.

Ndiyo maana habari za makampuni haya nazisoma sasa kwa jicho tofauti. Mei 2025 Airtel Africa ilitia saini makubaliano na SpaceX, kampuni inayomiliki Starlink, ya kuleta Starlink kwa wateja wake. Baadaye mwaka huohuo Vodacom, mwenye hisa mkubwa ndani ya Safaricom, nayo ikaingia makubaliano na Starlink. Waliokuwa wakitukanana kwa ajili ya kampuni hizi wamebaki wakishangaa. Mimi nakumbuka Agosti 2010, Zain, ambayo sasa ni Airtel, ilipokata bei ya kupiga simu hadi KSh 3 kwa dakika na nchi nzima ikaanza kupiga simu bila kuangalia saa. Miaka minne baadaye yuMobile, kampuni nyingine ya simu, ilikuwa imefunga virago, na mali yake ikagawanywa kati ya Safaricom na Airtel. Bei nzuri hudumu iwapo wapinzani wanadumu. Sitaki Starlink ishinde, wala sitaki Safaricom ishinde. Nataka wabaki wote, na Amazon ikileta satelaiti zake hapa, karibu.

Kwa ninayoyajua, faiba yangu naipa saba kwa kumi kwa kasi, kwa sababu inapofanya kazi inapakia harusi nzima wakati nakunywa chai, na tatu kwa kumi kwa matengenezo. Dishi la Kitengela naipa huduma yake nane, nikitoa alama kwa kupakia na kwa stima. Kwa dharura nina ruta ndogo ya 5G ya mtandao wa simu, ambayo hainifai kwa faili nzito lakini inanitosha kumtumia mteja ujumbe na kipande cha dakika mbili atulie.

Ukitafuta nyumba Nairobi na kazi yako ni ya mtandao, usiulize tu maji na tokeni za stima. Muulize msimamizi ni kampuni ngapi zinaruhusiwa kuingia, umwombe akuonyeshe kisanduku cha ngazini, uhesabu matundu yaliyo wazi. Kisha mgongee mlango mtu wa ghorofa hiyohiyo, umuulize mara ya mwisho LOS ilimeta lini kwake na fundi alichukua muda gani. Jibu lake litakusaidia zaidi kuliko tangazo lolote la kasi.

Mwenye ploti wetu nimemwandikia tena, safari hii pamoja na wapangaji wenzangu, tukimwomba aruhusu kampuni ya pili itumie njia ileile ya waya iliyopo, bila kutoboa ukuta mpya. Amesema atakutana na fundi wao kwanza aone. Nimempa namba ya fundi, na mama wa juu ameahidi kuwapo siku hiyo.