PAC-1 au CD41: ipi kwa chembe sahani?

Mwanafunzi wa maabara hapa Dodoma akitaka kupima chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuigandisha) atakutana na kingamwili mbili, CD41 na PAC-1, zinazolenga integrini ileile, αIIbβ3, yaani protini iliyo juu ya chembe hizo. Ile ya CD41 huishika iwe imekunjika (imelala) au imenyooka (imeamshwa). Inakuambia tu kwamba hii ni chembe sahani. PAC-1, iliyoelezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1985, ina maringo: hushika pale tu integrini inapokuwa imeamshwa, kwenye sehemu ya kupokelea faibrinojeni, protini ya kugandisha damu.

Kama swali ni "zimeamka?", mimi nachagua PAC-1. Ila ina masharti yake. Usiweke damu kwenye chupa ya kizibo cha zambarau: EDTA, dawa iliyomo ya kuzuia damu isigande, hufunga kalsiamu, na bila kalsiamu PAC-1 haishiki. Chukua ya buluu, yenye sitreti, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande. Wala usiisafirishe kwa bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Chembe sahani huamka kwa msukosuko, ukapata jibu la uongo. CD41 haina makeke mengi hivyo.

Bajeti ikiruhusu, zitumie pamoja, kila moja na rangi yake: CD41 ikutengee chembe sahani, PAC-1 ikuonyeshe zilizoamka.