Assyrtiko ya Santorini: yuro 34 zangu, na khanga imeingia kazini

Haya jamani, chupa ndiyo hii. Assyrtiko, mvinyo mweupe wa kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Kilevi asilimia ngapi, kimeandikwa nyuma, someni wenyewe. Mlio chini ya miaka 18, kwaherini.

Naonja... Mh! Kali! Ndimu tupu. Yuro 34 kwa ndimu? Ngoja kwanza, naiweka mezani.

Khanga yangu iko wapi? Tazameni: naisokota, naizungusha, naizungusha tena. Nimepata nini? Kata, ile ya kujitwikia ndoo. Sasa mzabibu wa Santorini ndivyo ulivyo. Hawaujengei fito wala waya. Kila wakipogoa, wanayasuka matawi hivi hivi, duara juu ya duara, palepale chini. Wenyewe wanaita kouloura. Zabibu zinakaa humu, mnaona kidole changu? Humu ndani. Upepo wa pale unavuma bila adabu, jua linachoma, mvua ya kiangazi hakuna, wanategemea unyevu wa ukungu wa baharini. Kata ikichakaa inakatwa, na shina lilelile la zamani linachipua upya. Filoksera, yule mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, udongo huu wa volkano ulimshinda. Ndiyo maana kuna mizizi mizee kuliko babu wa babu yako.

Bei? Mizabibu hii inazaa kidogo, na ardhi inagombaniwa na mahoteli. Basi.

Halafu kuna wanaodhani Ugiriki ni retsina tu, ule wa utomvu wa msonobari. Nami niliwahi kusema hapa kwamba unanuka kama dawa ya kupigia deki. Nimelegea kidogo: ukiwa baridi, na dagaa wa kukaanga, unapita. Lakini tafuteni Malagousia. Zabibu hiyo ilikuwa inapotea kabisa, mpaka miaka ya 1970 Profesa Logothetis akaiokota, na mtengeneza mvinyo Vangelis Gerovassiliou akaitengenezea mvinyo kule Porto Carras, shamba la mizabibu la kaskazini mwa Ugiriki. Inanukia maua na pichi, nami niliipata kwa nusu ya bei hii.

Eh, video sasa ni Jumapili, si Alhamisi tena. Alhamisi napangiwa zamu ya usiku.

Narudi kwenye glasi. Loo! Ubaridi wa friji umepungua, na chumvi imejitokeza. Embe bichi la chumvi, imekosa pilipili tu! Kosa langu, niliigandisha mno. Nyamazeni kidogo, naongeza.