Nyumba ya Louis Armstrong, Corona: ile iliyopona

Anayetaka kumfuata Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji mashuhuri wa jazi wa Marekani, nyumba kwa nyumba, akianzia New Orleans, atarudi na picha za maegesho ya magari na majengo ya serikali. Nyumba ya Jane Alley alikozaliwa mwaka 1901 ilibomolewa mwaka 1964 kupisha majengo ya mahakama na polisi. Na mwenyewe alikuwa hai! Mwaka huohuo wimbo wake ulipanda hadi namba moja Marekani ukawaondoa Beatles kileleni. Mtaa aliokulia, pale Liberty na Perdido, nao ulifyekwa, na leo eneo hilo ni la ofisi za jiji. Halafu tarehe 29 Agosti 2021 kimbunga Ida kikaliangusha duka la familia ya Karnofsky, iliyomsaidia akiwa mtoto, namba 427 South Rampart Street.

Kwa hiyo ukifika 34-56 107th Street, Corona, katika wilaya ya Queens, New York, ujue uko kwenye nyumba ya pekee ambako Louis bado anaweza kutembelewa kama mtu anavyotembelewa kwake. Ni makumbusho mazuri mno. Tunaisifu bila kusita, na kasoro zake tutazitaja.

Kwanza lakini lile duka la Karnofsky, kwa sababu bila kuelewa lilivyokwenda huwezi kuona Corona wamefanya nini. Akina Karnofsky walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Lithuania. Louis akiwa na miaka kama saba alipanda mkokoteni wao wa makaa ya mawe na vitu chakavu, akipuliza kijitarumbeta cha bati kuita wateja. Ndio waliomtangulizia fedha akanunua koneti yake ya kwanza, ala inayofanana na tarumbeta, kwa dola 5. Jengo la South Rampart lilijengwa mwaka 1913: chini duka la ushonaji, juu makazi ya familia. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, na mipango ya kulikarabati ilikuwepo. Upepo ukatangulia.

Jengo la aina hii halina nondo. Ni tofali la kuchoma juu ya tofali, limeshikwa na chokaa, na kinachozuia kuta zisitengane ni boriti za mbao za dari na sakafu, ambazo ncha zake zimechomekwa ukutani. Likikaa bila mtu, mwanzo ni paa. Bati moja likilegea, maji hayaonekani chini kwa sababu yanapita ndani ya ukuta, yanaosha chokaa na kuozesha ncha za boriti mahali ambapo hakuna macho. Kwa nje ukuta unaonekana mzima. Kwa kweli umeshaachiwa usimame peke yake, ghorofa mbili. Majirani wakibomolewa ili magari yapate pa kuegeshwa, ukuta uliokuwa wa kuegemeana unabaki wazi, na kimbunga kikija upande mmoja unasukumwa, upande wa pili unavutwa. Na fundi anayeziba mianya kwa saruji akidhani anasaidia huongeza ugonjwa: saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani, maji yanakosa pa kutokea, tofali linamomonyoka kuanzia usoni.

Jambo lingine watu hawalielewi: orodha ya taifa ya Marekani ni heshima, si ulinzi. Haimlazimishi mwenye nyumba kupandisha fundi juu ya paa. Kibao cha shaba hakizuii mvua.

Sasa Corona. Nyumba ilijengwa mwaka 1910, ya mbao, ya kawaida kabisa. Lucille Wilson, mcheza dansi wa klabu ya usiku ya Cotton Club aliyeolewa na Louis mwaka 1942, aliinunua mwaka 1943 mume akiwa safarini na bendi. Louis aliporudi alimwambia dereva wa teksi asubiri kwanza, hakuamini kama pale ni kwake. Aliishi humo mpaka alipofariki tarehe 6 Julai 1971. Kuta za nje zilivishwa matofali baadaye.

Iliponea wapi? Kwenye makaratasi, na kwenye kutokaa tupu. Mwaka 1969 mke na mume walianzisha taasisi yao ya elimu. Mwaka 1976, Lucille akiwa bado anaishi humo, nyumba ilitambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Alipofariki mwaka 1983, wosia uliikabidhi kwa Jiji la New York, na Chuo cha Queens kikaja kupewa uangalizi. Mwaka 2003 ikafunguliwa kwa umma. Hesabu: kutoka kifo cha Lucille hadi kufungua mlango ni miaka 20, na miaka yote hiyo kuna mwenye funguo anayejulikana na mtu wa kupigiwa simu bomba likivuja. Samani hazikuuzwa. Hakuna mwingine aliyehamia akapaka rangi yake. Ndiyo maana unachokiona ndani si maigizo ya zamani bali vitu vyenyewe.

Matembezi huongozwa na mtu, kwa vikundi vidogo, kwa kuwa vyumba ni vyembamba, na huchukua kama dakika 40. Unaanzia sebuleni, unapita chumba cha kulia, kisha jikoni, na hapo utatamani kundi lisimame. Makabati yote ni ya buluu ya feruzi inayong'aa, yamepinda kufuata kuta bila kukatika. Jiko la kampuni ya Crown lilitengenezwa kwa oda, na lina kibao chenye majina ya Bwana na Bibi Armstrong. Blenda haikuwekwa juu ya meza: mota yake imefukiwa ndani ya meza yenyewe, unachomeka jagi juu. Choo cha chini kimevishwa vioo kila upande, na mabomba yamechovywa dhahabu. Wanaosema ni majivuno wasahau kwanza kwamba mwenye choo hiki alikulia ambako choo kilikuwa nje uani.

Juu kuna chumba cha kulala chenye karatasi za ukutani za rangi ya fedha, kisha chumba cha kazi cha Louis. Hiki ndicho kiini cha nyumba. Mashine zake za kunasia sauti, zile za mikanda ya magurudumu mawili, zimepachikwa ukutani, na spika ziko darini. Alijaza mikanda kwa mamia: mazungumzo na wageni, vichekesho, mazoezi, sahani za santuri alizozipenda. Makasha ya mikanda aliyapamba mwenyewe kwa picha alizokata magazetini na kuzibandika kwa selotepu. Ukutani kuna picha yake iliyochorwa na mwimbaji Tony Bennett, iliyotiwa saini kwa jina lake la kuzaliwa, Benedetto. Katika vyumba kadhaa mtembezaji anabonyeza kitufe na unasikia kipande cha mkanda ulionaswa humohumo. Sauti ile ya kukwaruza inatoka mahali ilipotokea kwanza. Hakuna makumbusho ya mwanamuziki tunayoyajua yanayotumia kitu kidogo namna hii kwa nguvu kiasi hiki.

Kasoro. Dakika 40 ni chache, na chumba cha kazi, kilicho mwishoni, ndicho kinachopunjwa muda: kundi likichelewa jikoni, huko juu mnaharakishwa. Ngazi ni za nyumba ya mtu, nyembamba, kwa hiyo mwenye shida ya magoti aulize mapema, maana nusu ya utamu iko juu. Na nyumba hii inakuonyesha Louis mtu mzima aliyefanikiwa. Mtoto wa mkokoteni wa makaa humpati kwenye kuta hizi, kwa kuwa kuta zake zimelala chini New Orleans. Ukienda hujasoma lolote juu ya Jane Alley na South Rampart, utatoka na nusu ya mtu.

Upungufu huo kwa sehemu unazibwa na jengo jipya lililo ng'ambo ya barabara, lililofunguliwa mwaka 2023. Lina ukumbi wa viti 75 na maonyesho yaliyoandaliwa na mpiga piano Jason Moran. Uamuzi wa kujenga ng'ambo badala ya kuiongezea nyumba mabawa tunauheshimu sana. Vyombo, nyaraka na wageni wengi vina mahali pake, na nyumba ikabaki nyumba. Ingia kwenye maonyesho kabla ya zamu yako ya kuitembelea nyumba, si baada: ukishajua mikanda ni nini, kitufe kikibonyezwa utasikiliza kwa sikio jingine.

Kufika: panda treni namba 7 ushuke 103rd Street–Corona Plaza. Wengi hukosea hapa. Namba 7 ziko mbili. Yenye alama ya duara husimama kila kituo, yenye alama ya almasi ni ya haraka na inakipita hicho kituo. Ukishuka, fuata 103rd Street kuelekea kaskazini mitaa miwili, pinda kulia 37th Avenue, tembea mitaa minne mifupi, pinda kushoto 107th Street. Nunua tiketi mtandaoni kabla ya kutoka nyumbani, na angalia siku, kwani hawafungui wiki nzima. Vikundi vikijaa, utaishia kuitazama bustani kutoka nje. Kaburi lake liko Makaburi ya Flushing, mashariki zaidi, mnaweza kulifikia siku hiyohiyo.

Kwa wasomaji wetu kuna sababu moja ya ziada. Mwaka 1960 Louis alizunguka Afrika na bendi yake. Léopoldville (leo Kinshasa) alibebwa kwenye kiti juu ya mabega ya watu. Alipiga Elisabethville (leo Lubumbashi) kule Katanga, akafika na Nairobi. Hifadhi ya kumbukumbu ya Corona ina maelfu kwa maelfu ya picha, barua na vitabu alivyobandika vipande vya magazeti, na sehemu yake imewekwa mtandaoni bila malipo. Anza huko. Mtafiti anayetaka kuvishika vyenyewe huweka miadi kwanza, na ombi linalotaja mji na mwaka linamrahisishia mhifadhi kazi kuliko linalosema "Afrika" tu.